Faja: Vazi Linalopimwa kama Presha

Je, wajua kwamba ipo nguo ya ndani inayopimwa kwa kipimo kilekile cha mashine ya presha? Muuguzi akikuambia presha yako ni 120 kwa 80, anazungumzia milimita za zebaki. Soksi za kubana za mtu mwenye mishipa iliyovimba miguuni huandikwa 15 hadi 20, au 20 hadi 30, nazo ni milimita hizo hizo. Vazi analovishwa mtu aliyetoka kufyonzwa mafuta ya tumbo, au kukatwa ngozi iliyolegea baada ya uzazi, nalo hutarajiwa kumkandamiza kwa nguvu ya karibu 20. Chini sana ya hapo ni nguo tu. Juu sana ya hapo ni hatari.

Wengi sasa wanalijua vazi hili kwa jina lake la Kihispania, faja, kwa sababu Colombia ndiyo iliyolipa sifa duniani. Medellín ulikuwa mji wa viwanda vya nguo tangu mwanzoni mwa karne ya 20: Coltejer ilianzishwa huko mwaka 1907, na Leonisa, kampuni ya nguo za ndani za wanawake, mwaka 1956. Baadaye Medellín na Cali ikawa pia miji ya madaktari wa upasuaji wa urembo na wateja wanaofunga safari kutoka Marekani na Ulaya. Cherehani zikawa jirani na visu. Likatoka vazi lenye zipu au safu mbili tatu za vikulabu kama vya sidiria, mikanda ya mabegani, miguu inayofika juu kidogo ya magoti, na tundu katikati ili mtu aende msalani bila kulivua.

Leo linauzwa mitandaoni, na wauzaji wengi hulitangaza kwa picha za viuno vya nyigu. Hapo ndipo wanunuzi wanapopotezwa. Faja ya mgonjwa haimchongi mtu. Kilichochongwa kimeshachongwa kwenye meza ya upasuaji. Kazi ya faja ni kusimamia maji.

Maji gani? Ufyonzaji wa mafuta kwa sura tunayoijua ulianza Roma katikati ya miaka ya 1970, kwa Arpad Fischer na mwanawe Giorgio. Yves-Gérard Illouz wa Paris akauboresha kwa mrija wenye ncha butu usiokata mishipa ovyo. Hata hivyo damu iliendelea kumwagika sana, mpaka mwaka 1987 Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, alipochapisha njia yake: kabla ya kufyonza chochote, lijaze eneo lote maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi, lidokeini, pamoja na adrenalini ya kubana mishipa ya damu. Damu ikapungua mno. Lakini mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na maji chini ya ngozi, pengine lita nzima au zaidi, na sehemu ya maji hayo huendelea kuvuja kupitia vitundu vya mrija kwa siku moja au mbili, yakiwa na rangi ya damu iliyochujuka. Wengi huingiwa na hofu wakiona shuka limelowa. Kuvuja huko kulikuwa sehemu ya mpango.

Huko ndani mrija umeacha vichochoro vingi katika tabaka la mafuta. Ngozi imekuwa foronya iliyopunguzwa sufi: kitambaa ni kilekile, cha ndani hakijai tena. Nafasi hiyo haikai tupu. Hujazwa na majimaji yanayochuruzika kutoka kwenye mishipa midogo iliyojeruhiwa, na yakikusanyika pamoja madaktari huita seroma. Hilo ndilo tatizo linaloongoza kwa kutokea baada ya upasuaji wa kukaza tumbo, maana pale ngozi huwa imebanduliwa kwenye msuli kuanzia juu ya kinena hadi mbavuni, ikavutwa chini, ziada ikakatwa, ndipo ikashonwa. Seroma ndogo hunywewa na mwili wenyewe. Kubwa hutolewa kwa sindano, mara nyingine wiki baada ya wiki. Ndiyo maana madaktari wengi huacha mipira ya kutolea maji, na juu ya yote humvisha mgonjwa faja: tabaka mbili zikitulia zikigusana, bila kuteleza kila mtu anapogeuka kitandani, zina nafasi ya kushikana.

Na kwa nini 20, si 5 wala 60? Mwaka 1896 huko London, Ernest Starling, yule yule aliyekuja kuipa sayansi neno homoni, alieleza kwamba kwenye kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, kuna nguvu mbili zinazoshindana. Msukumo wa damu huyasukuma maji nje. Protini zilizomo kwenye damu, hasa albumini, huyavuta yarudi ndani. Mwaka 1930 Mmarekani Eugene Landis aliingiza mrija mwembamba ajabu kwenye kapilari za kidole cha binadamu, penye shina la ukucha, akapima msukumo huo moja kwa moja: takribani milimita 32 upande damu inakoingilia, na 12 upande inakotokea. Mahali palipojeruhiwa ushindani huu huvurugika. Kuta za mishipa huvuja, protini hutoka pamoja na maji, na uvimbe huja. Mkandamizo wa nje huongeza nguvu upande wa kurudisha. Ila mkandamizo huo huo ukiizidi nguvu ya damu inayoingia, na ukakaa hapo kwa saa nyingi, ngozi hukosa damu. Ishirini iko katikati. Na tukumbuke kwamba ngozi iliyotoka kubanduliwa imekatwa sehemu ya mishipa iliyokuwa ikiilisha, kwa hiyo huumia mapema kuliko ngozi nzima.

Wanafiziolojia wa leo wamerekebisha hesabu za Starling. Maji mengi yaliyovuja hayarudi moja kwa moja kwenye kapilari. Hurudi kwa kupitia mishipa ya limfu, ambayo kuta zake ni laini na hubanika upesi. Jambo hili lina uzito wake, nitalirudia.

Sasa, si ungenunua tu vazi lililoandikwa 20 ukamaliza kazi? Kuna Mfaransa anayekuzuia: Pierre-Simon Laplace, mtu aliyeshughulika zaidi na mwendo wa sayari kuliko na viuno vya watu. Kanuni yenye jina lake, ikiletwa kwenye nguo, inasema kwamba mkandamizo ni mvuto wa kitambaa kugawanya kwa nusu kipenyo cha kile kinachozungukwa. Chukua lastiki moja. Izungushe kwenye paja lenye mzingo wa sentimita 60, kisha, ukiivuta kwa nguvu ile ile, kwenye kifundo cha mguu chenye sentimita 20. Kifundo kitabanwa mara tatu ya paja. Kwa hiyo vazi lililokatwa na fundi asiyejua hesabu hii hubana zaidi penye wembamba, juu ya goti na chini ya matiti, na kulegea penye unene, ambako mara nyingi ndiko mafuta yalikofyonzwa. Pindo la mguu likijikunja mara mbili ni balaa: mvuto unaongezeka, upana unapungua, na mguu wote ulio chini ya pindo unaanza kuvimba.

Tatizo la pili ni kwamba mwili wa mtu si bomba. Tumbo lililokazwa ni bapa, na sehemu bapa ni kipande cha duara kubwa mno. Gawanya mvuto wowote kwa nusu kipenyo kikubwa namna hiyo, utabaki na karibu sifuri. Mtu analia kwa maumivu ya nyonga zilizobanwa, na katikati ya tumbo lake, penye kidonda, vazi halifanyi lolote. Bonde la mgongo juu ya makalio ndilo gumu zaidi: kitambaa kinavuka bila kuligusa, na maji hupenda kujikusanya hapo hapo. Dawa yake ni ya kiufundi. Kipande cha sponji, au ubao mwembamba unaopindika uliovishwa kitambaa, huwekwa ndani ya vazi ili penye bonde pawe na kitu cha kusukumwa. Wacolombia huuza mbao hizo za tumbo na za mgongo pamoja na faja, na wapo wanaodhani ni mbinu ya kuongezea bei. Mimi naona sponji ni sehemu yenye akili kuliko zote katika biashara hii. Ubao mgumu sana, hata hivyo, ni wa kuogopa. Ngozi ya tumbo lililokazwa huwa na ganzi kwa miezi, na ukingo wa ubao unaweza kuitoboa ngozi hiyo mwenyewe asihisi kitu.

Kuhusu kitambaa, historia yake inachekesha kidogo. Kabla ya miaka ya 1960 nguo za kubana zilitegemea mpira: mzito, wenye joto, unaooza kwa jasho. Kampuni ya DuPont ilikuwa ikitafuta uzi wa kuchukua nafasi ya mpira kwenye korseti za wanawake, na mwaka 1958, katika maabara yake ya Waynesboro, Virginia, mkemia Joseph Shivers akaupata. Kwanza waliuita Fiber K, baadaye ukauzwa kama Lycra; wengine huuita spandeksi. Ni mnyororo wa kemikali wenye sehemu laini zilizojikunja, ambazo hunyooka ukivuta, na sehemu ngumu zinazozishikilia zisiachane. Uzi huu huvutika mara tano ya urefu wake, na zaidi, kisha ukarudi ulivyokuwa. Waendesha baiskeli na wacheza dansi waliokuja kuupenda baadaye walikuta njia imeshalainishwa na viuno vya mama zao.

Miaka michache kabla ya hapo, Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Ohio, alikuwa akisumbuliwa na mishipa ya miguu. Akaona kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea miguu hutulia. Maji hukandamiza zaidi kadiri unavyoshuka: kwenye kina cha mita moja, yanakandamiza kwa kama milimita 74 za zebaki. Jobst akatengeneza soksi inayoiga bwawa, kali kifundoni na laini kuelekea juu. Kila faja yenye miguu mirefu inapaswa kutii sheria hiyo ya bwawa, na kuna njia rahisi ya kuijaribu: ikiwa baada ya saa moja pajani mna mfereji na chini yake pamevimba, sheria imevunjwa.

Soksi za Jobst zilizaa kitu kingine. Kwenye hospitali ya Shriners ya watoto walioungua, huko Galveston, Texas, madaktari waliona mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 kwamba makovu yaliyotuna hulala yakibanwa muda mrefu. Hadi leo watu waliokatwa keloidi kwenye ndewe ya sikio, tatizo linalotuandama sana sisi wenye ngozi nyeusi, hupewa hereni maalumu za kubana. Lakini makovu hutaka miezi mingi ya kubanwa karibu mchana kutwa na usiku kucha. Muuzaji anayekuahidi kwamba faja ya wiki sita itazuia keloidi amechukua sifa za vazi jingine.

Je, mtu achague lipi? Kwanza upasuaji ndio unaochagua. Aliyefyonzwa mapaja anahitaji miguu mirefu, na aliyefyonzwa mikono anahitaji mikono. Aliyekazwa tumbo anahitaji vazi linalofunguka mbele au ubavuni, kwa sababu siku za mwanzo hawezi hata kusimama wima, seuze kuinama avute kitu kutoka miguuni. Matiti yanataka sidiria ya kufunga mbele isiyo na waya. Mwanamume aliyepunguzwa matiti huvaa fulana ya kubana, na aliyevutwa ngozi ya uso hufungwa mkanda wa kidevu.

Makalio ni kisa cha peke yake. Mafuta yaliyofyonzwa tumboni yakihamishiwa makalioni, chembe zake hufika bila mshipa wowote wa damu. Siku za kwanza huishi kwa kile kinachopenya kutoka kwenye tishu jirani, mpaka kapilari mpya zizifikie. Ukizikandamiza, zinakufa. Vazi la mtu huyu linatakiwa kubana kiuno na mgongo, halafu kuwa wazi au legevu kabisa nyuma, naye hakalii makalio yake moja kwa moja kwa wiki kadhaa. Faja iliyomfaa dada aliyefyonzwa tumbo tu inaweza kuharibu kazi yote aliyofanyiwa mdogo wake makalioni. (Na kwa kuwa tumefika hapa: mwaka 2018 jopo la vyama vya madaktari wa upasuaji wa urembo lilionya kwamba upasuaji huu wa makalio ulikuwa ukiua hata mtu mmoja kati ya 3,000, kwa sababu mafuta yaliyodungwa ndani ya msuli yaliingia kwenye mishipa mikubwa na kufika mapafuni. Hakuna vazi linalozuia hilo.)

Nije kwenye limfu. Klein, yule wa maji ya ganzi, hakukubaliana na desturi ya kumkaza mgonjwa kwa wiki nyingi. Aliacha vitundu wazi, akambana mgonjwa sana kwa siku chache wakati maji yanatoka, kisha, yakikatika kwa siku nzima, akamshusha kwenye vazi jepesi. Hoja yake ni kwamba mkazo mkali ukiendelea baada ya hapo, unaziba mishipa ile ile ya limfu inayotakiwa kuondoa mabaki. Madaktari wengine wanaendelea na wiki sita, nane, au zaidi. Ukweli usiopendwa dukani ni kwamba tafiti za kulinganisha ni chache na ndogo kuliko wingi wa mavazi yanayouzwa, na hazijaonyesha kwa uhakika kwamba vazi linazuia seroma. Linalokubaliwa na wengi ni dogo zaidi: uvimbe na michubuko hupungua, na mgonjwa hujihisi ameshikwa, hivyo hofu yake ya kutembea hupungua. Kutembea, tena siku ile ile ya upasuaji, ni kinga kubwa dhidi ya kuganda kwa damu.

Maana upande wa pili wa shilingi upo. Tumbo likishakazwa kwa nyuzi ndani na kwa faja nje, shinikizo la ndani ya tumbo hupanda, mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni hubanwa, na damu hukaa pajani kuliko inavyopaswa. Watafiti wa Brazil waliiona hali hiyo kwa kipimo cha ultrasaundi. Damu inayokaa huganda. Kwa hiyo maumivu ya shavu la mguu mmoja, kifua kubana, vidole kubadilika rangi au kufa ganzi si dalili kwamba faja inafanya kazi. Vua, uende hospitali, usiku au mchana. Na hata bila dalili hizo, mara ya kwanza ya kulivua vazi mtu akae au alale, na awe na mwenzake karibu: damu hushuka ghafla kwenye sehemu zilizokuwa zimebanwa, na wengi wamezimia bafuni.

Bibi zetu wa pwani wanaweza kushangaa kuona haya yote yakiitwa mapya. Mzazi hufungwa mkaja tumboni, akandwe kwa maji moto, atunzwe siku 40. Kuna hekima hapo ya kumshika mwili na kumlazimisha mama apumzike. Lakini mkaja ni utepe unaofungwa kwa mkono, na mkono wa shangazi hauna kipimo. Juu ya ngozi iliyobanduliwa na kushonwa upya, kanga iliyokazwa kwa fundo inaweka nguvu nyingi kwenye mstari mmoja na kuacha pengine bure. Nairobi ina kliniki za upasuaji huu, na hospitali ya Muhimbili-Mloganzila nayo imeanza kuutoa, kwa hiyo swali la nini kivaliwe nyumbani baada ya kuruhusiwa litaulizwa zaidi na zaidi. Jibu la mkaja linafaa kwa tumbo la uzazi wa kawaida. Kwa mshono wa nyonga hadi nyonga, halifai.

Ukinunua, achana na herufi S, M na L. Saizi za Colombia ni ndogo kuliko za Marekani zenye herufi zile zile, na mwanamke anayevaa M ya Marekani anaweza kuhitaji L au XL ya huko. Pima kwa futi ya fundi: chini ya matiti, kiuno, nyonga penye upana wote, paja, na urefu wa kiwiliwili kutoka begani hadi kati ya miguu. Kipimo hicho cha mwisho ndicho wengi hukisahau, kisha vazi linawakata mabegani au kinenani. Wiki ya kwanza mwili huweza kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa kabla ya upasuaji kwa sababu ya uvimbe, na ndiyo sababu Wacolombia huuza faja kwa hatua: ya kwanza laini, yenye safu kadhaa za vikulabu za kufuata mwili unavyopungua, na ya pili kali zaidi, ambayo hununuliwa baada ya kupimwa upya. Kununua ya pili mapema kwa sababu bei imeshuka ni kutupa pesa. Mishono iwe nje. Anayedhurika na mpira asome lebo asiletewe lateksi.

Halafu joto. Faja nyingi zimebuniwa na watu wanaoishi Medellín, mji wa mlimani wenye baridi kiasi. Mwezi wa pili Dar es Salaam au Mombasa, kitambaa kile kile kinaloa jasho kabla ya saa nne asubuhi, na fangasi huanza penye mikunjo. Fulana nyembamba ya pamba isiyo na mishono ivaliwe chini yake, nayo inyooshwe vizuri, kwa kuwa mkunjo mmoja ukikandamizwa usiku kucha huacha alama kwenye mafuta ambayo bado ni laini. Ziwepo faja mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba. Zifuliwe kwa mkono, maji baridi na sabuni ya kawaida, zikaushwe kivulini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe hukata minyororo ya spandeksi, na joto la pasi huiharibu.

Hata ikitunzwa, uzi huchoka. Vazi linalovaliwa kila siku hupoteza nguvu baada ya miezi michache, bila kuchanika wala kupauka. Ndiyo sababu faja ya mitumba, hata iwe safi na yenye lebo ya Medellín, si ya kununuliwa kwa ajili ya mgonjwa: iliyobaki kwenye hanga ni ile nguvu ambayo mwenzio ameshaitumia, na hakuna macho yanayoweza kuona milimita ngapi zimesalia.